Mtoto Mchanga Aliyeachwa: Nani Ampokee, na Mama Yake Aende Wapi?

Habari hizi hutufikia kwa namna ile ile kila mara. Mwendesha bodaboda amesikia kilio kando ya shamba la miwa upande wa Mumias, au waokota taka wa Gioto mjini Nakuru wamefungua mfuko wakakuta kichanga, au mpangaji wa mtaa wa Nyalenda jijini Kisumu ameamka alfajiri kwenda chooni akasikia sauti ambayo hakutarajia kuisikia huko. Umati hukusanyika, picha husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla hata mtoto hajafunikwa, na ifikapo saa sita mchana mtaa mzima umekwisha kumhukumu mama ambaye hakuna aliyemwona. Mara nyingine mtoto huwa hai, na mara nyingine huwa amekwisha kukata roho.

Swali linalosikika katika umati huo ni moja: mama gani huyu? Makala hii inauliza jingine, ambalo naamini ndilo lenye uwezo wa kuokoa maisha. Usiku ule, kama mama huyo angetaka kumwacha mtoto wake akiwa salama, angempeleka wapi, angemkabidhi nani, na baada ya kumkabidhi angerudi nyumbani au angelala korokoroni? Nchini Kenya jibu la swali hilo ni gumu kuliko linavyopaswa kuwa, kwa sababu limefungamana na mambo ambayo kwa kawaida hatuyazungumzi kwa pamoja: afya ya mtoto mchanga, sheria ya jinai, utaratibu wa kuasili watoto, na aibu inayomfanya msichana afiche mimba miezi tisa mizima ndani ya nyumba yenye watu.

Saa ya kwanza

Tuanze na mtoto, kwa kuwa yeye hana muda wa kusubiri mjadala. Kichanga huzaliwa akiwa ameloa, ngozi yake ni nyembamba, na eneo la ngozi hiyo ni kubwa likilinganishwa na uzito wake, hivyo joto humtoka upesi sana. Mtu mzima akipigwa na baridi hutetemeka, na kutetemeka huko humpa joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka vya kutosha, bali hutegemea mafuta maalumu aliyozaliwa nayo shingoni na mgongoni ambayo mwili wake huyachoma ili apate joto. Mafuta hayo ni haba. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 36.5, mtoto huanza kuimaliza sukari yake haraka. Sukari ikipungua ananyong'onyea. Akinyong'onyea hawezi kunyonya wala kulia. Na asipolia, hakuna mpita njia atakayejua kwamba yupo. Nakuru iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, na usiku wa Julai huko si wa kumwacha hata mtu mzima nje. Kisumu kuna joto zaidi, lakini hata kando ya ziwa umande wa alfajiri unatosha kumuua mtoto aliyeachwa bila nguo.

Ndiyo maana aliyemkuta mtoto hapaswi kuanza kwa kupiga picha wala kwa kutafuta maji ya kumwosha, maana kumwosha ni kumwongezea baridi. Amkaushe, amfunike kichwa, na kama anapumua amweke kifuani pake, ngozi kwa ngozi, ndani ya shati au blauzi, kisha ajifunike kwa leso au koti na kuelekea hospitali iliyo karibu. Kitovu kikiwa kinatoka damu akifunge kwa uzi safi, wala asikipake kitu chochote, iwe majivu, dawa ya meno au samadi. Asimpe mtoto maziwa ya ng'ombe. Akiwa njiani, au mtu mwingine kwa niaba yake, apige simu polisi au nambari 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo haitozwi pesa na hupokelewa usiku na mchana. Nasisitiza mpangilio huo, hospitali kwanza na kituo cha polisi baadaye, kwa sababu wapo watu wanaoogopa kumgusa mtoto hadi maafisa wafike, wakidhani wataharibu ushahidi au watageuzwa washukiwa. Hakuna sheria inayomtaka mtu amwache mtoto aendelee kupoa huku akisubiri gari la polisi.

Katika kitengo cha watoto wachanga, iwe ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi wa Kisumu bado wanaiita Russia, au hospitali kuu ya kaunti pale Nakuru, kazi huanza bila maneno mengi. Muuguzi humvua mtoto kitambaa kilicholoa, ambacho huenda ni kipande cha leso au sweta ya shule, na kukiweka kando kwa sababu polisi huenda wakakihitaji. Huweka kipimajoto kwapani. Hutoboa kisigino apate tone la damu la kupimia sukari. Halafu hukitazama kitovu kwa makini, kwani namna kilivyokatwa humweleza mengi: kibano cha plastiki ni dalili kwamba mtoto alizaliwa mikononi mwa wahudumu wa afya, ilhali uzi wa gunia, au ncha iliyochanika bila kufungwa, ni dalili ya mama aliyejizalisha peke yake gizani, naye huenda saa hiyo hiyo anavuja damu mahali fulani bila mtu kujua. Jambo hilo la mwisho husahaulika mno. Kila mtoto aliyeokotwa akiwa na saa chache ana mama ambaye ametoka kujifungua, na mwanamke aliyejifungua bila msaada yuko katika hatari ya kutokwa damu na ya maambukizi katika siku hizo hizo ambazo anasakwa kama mhalifu.

Kuna pia suala la virusi vya Ukimwi, ambalo katika kaunti za kandokando ya ziwa haliwezi kupuuzwa kwa kuwa maambukizi huko ni miongoni mwa ya juu zaidi nchini. Mama hayupo wa kuulizwa, hivyo mtoto hupimwa kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Kwa mtoto wa siku moja kipimo hicho hakielezi hali yake bali hali ya mama yake, kwa sababu kingamwili alizonazo alizipata tumboni. Zikionekana, huanzishiwa dawa za kinga mara moja, kisha kipimo cha PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe, ndicho kinachobainisha kama ameambukizwa. Dawa hizo hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 72 za mwanzo, na mtoto aliyekaa siku kadhaa bila kufika hospitalini huipoteza nafasi hiyo kwa kiasi kikubwa. Mama ambaye angemkabidhi mtoto kwa muuguzi na kusema neno moja tu kuhusu afya yake mwenyewe angekuwa amempa mtoto huyo kinga ambayo hakuna daktari anayeweza kuikisia.

Safari ya karatasi

Mtoto akishapata nafuu huanza safari nyingine. Kituo cha polisi huandika tukio na kutoa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, afisa wa watoto huarifiwa, na mahakama huombwa itoe amri ya kumweka mahali salama, kwa kuwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu mtoto aliyetelekezwa kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Kutoka wadini hupelekwa makao ya watoto au kwa familia ya malezi ya muda. Polisi huendelea kuwatafuta wazazi au jamaa, na utaratibu uliozoeleka ni kwamba miezi sita ikipita bila mtu kujitokeza, kituo hutoa barua ya pili inayothibitisha kwamba mtoto hakudaiwa na yeyote. Barua hiyo ni ukurasa mmoja tu, lakini bila yake mtoto hawezi kutangazwa kuwa huru kuasiliwa. Afisa aliyeshughulikia jalada akihamishwa kituo, au OB ikiandikwa bila maelezo ya kutosha kuhusu mahali na saa, mtoto anaweza kukaa makaoni muda mrefu akisubiri si wazazi bali karatasi.

Kuhusu uraia, angalau, Katiba ya 2010 haikumwacha gizani. Ibara ya 14 inasema kwamba mtoto anayepatikana nchini akiwa na umri unaoonekana kuwa chini ya miaka minane, na ambaye uraia na wazazi wake havijulikani, anachukuliwa kuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, haki ya kulindwa dhidi ya kutelekezwa, na haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, ikieleza bayana kwamba baba na mama wana wajibu sawa wawe wameoana au la. Nitarudi kwa huyo baba.

Mahali mtoto atakapolelewa pamekuwa suala la sera kwa miaka ya karibuni. Mnamo 2022 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa miaka kumi wa kubadilisha mfumo wa malezi, kwa lengo la kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha kwa jamaa, kwa familia za malezi ya muda au kwa wazazi wa kuasili, na Kisumu ni mojawapo ya kaunti zilizotangulia kuyafanyia majaribio mageuzi hayo. Sheria ya 2022 pia iliutambua mfumo wa kafala kwa familia za Kiislamu, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kumwasili. Naunga mkono mwelekeo huo, kwa sababu mtoto mchanga anahitaji uso mmoja anaouzoea, na makao ambayo walezi hubadilishana zamu kila baada ya saa kadhaa hayawezi kumpa uso huo hata yakiwa safi na yenye nia njema. Lakini mkakati huo unategemea familia za Kenya kukubali kulea mtoto ambaye si wa damu yao, hasa baada ya Baraza la Mawaziri kusimamisha uasili wa watoto na raia wa kigeni mnamo Novemba 2014, na hapo ndipo penye ugumu. Katika sehemu nyingi za Magharibi na Nyanza swali la kwanza la wazee huwa ni la shamba: huyu atarithi wapi? Sheria imelijibu swali hilo zamani, kwani mtoto aliyeasiliwa ana haki ya urithi sawa na aliyezaliwa na wazazi hao, ila jibu hilo halijafika kwenye vikao vya ukoo.

Mama ambaye hakuna aliyemwona

Mwaka 1970 daktari wa akili wa Marekani, Phillip Resnick, alitenganisha vifo vya watoto wanaouawa na wazazi ndani ya saa 24 za kuzaliwa na vile vya watoto wakubwa zaidi, baada ya kubaini kwamba wahusika ni watu tofauti. Mama wa mtoto wa saa chache mara nyingi alikuwa kijana, hakuwa ameolewa, aliificha mimba au hata kujikana mwenyewe kwamba anayo, na alijifungua peke yake. Wengi wao hawakuwa na ugonjwa wa akili uliokuwa ukijulikana. Mtu wa namna hiyo hafanyi mpango. Anashikwa na uchungu akiwa bwenini, au katika chumba cha kupanga ambapo mwenzake amelala umbali wa hatua mbili, na jambo ambalo alilikimbia kwa miezi tisa linamfikia usiku mmoja.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, na kwamba asilimia 82 ya watoto huzaliwa katika vituo vya afya. Asilimia iliyobaki ina wengi waliozuiwa na umbali au nauli, na ina pia wale ambao hawakutaka kuonekana. Sababu zao si fumbo. Msichana aliye chini ya miaka 18 hawezi kisheria kuridhia kujamiiana, kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na kwa hiyo mimba yake ni ushahidi wa kosa alilotendewa. Akifika kliniki ataulizwa umri, na jibu lake linaweza kumfikisha kizimbani mtu anayemlipia karo, jirani anayeheshimiwa kanisani, au jamaa wa nyumba ile ile anamolala. Mfanyakazi wa nyumbani aliyepewa mimba na mwana wa mwajiri wake anajua kwamba siku tumbo litakapoonekana ndiyo siku ya kufungasha virago. Mwanafunzi wa chuo anajua ni nani aliyeuza ng'ombe ili yeye asome. Ukimya wao unatokana na hesabu waliyoipiga vizuri kuhusu watu wanaowazunguka.

Na katika hesabu hiyo yote baba haonekani. Umati wa Gioto haumuulizi. Polisi humtafuta mama kwa kuuliza nani alikuwa na tumbo na sasa hana, ilhali mwanamume aliyesema mimba si yake hana alama yoyote ya kumtambulisha. Katiba imewapa wajibu sawa. Mazoea yetu yamempa mmoja pingu na mwingine uhuru wa kusimama kwenye umati ule ule akitikisa kichwa.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 63, ina vifungu viwili vinavyotajwa sana hapa. Kifungu cha 210 kinahusu mama anayemuua mtoto wake aliye chini ya miezi kumi na miwili wakati akili yake ilikuwa imevurugika kutokana na athari za kujifungua au kunyonyesha. Kosa hilo huadhibiwa kama la kuua bila kukusudia badala ya mauaji ya kukusudia, jambo linaloonyesha kwamba hata watunga sheria wa zamani walitambua kwamba kujifungua kunaweza kumvuruga mtu. Kifungu cha 227 kinahusu kuficha uzazi kwa kuutupa kisiri mwili wa mtoto aliyekufa, bila kujali kama alikufa kabla, wakati au baada ya kuzaliwa. Sheria ya Watoto nayo inamwadhibu mzazi anayemtelekeza mtoto kwa makusudi.

Kinachokosekana ni kifungu cha kinyume chake, yaani kifungu kinachotamka waziwazi kwamba mzazi aliyemkabidhi mtoto mchanga akiwa salama, mahali panapotambuliwa, hatashtakiwa kwa kumwacha. Kwa hiyo msichana anayemwacha mtoto mtaroni na yule anayemwacha kwenye benchi la wadi ya wazazi wote wawili wana sababu ya kuogopa, na mwenye hofu huchagua mahali ambapo hataonekana. Huko ndiko sheria inakomsukuma bila kukusudia.

Namibia imekwisha kuupita mtego huo. Sheria yake ya malezi na ulinzi wa mtoto, iliyopitishwa 2015 na kuanza kutumika Januari 2019, inasema kwamba mzazi anayemwacha mtoto mikononi mwa watu wa mahali kama hospitali, kituo cha polisi, kituo cha zimamoto au makao ya watoto hatashtakiwa, mradi mtoto haonyeshi dalili za kudhulumiwa. Marekani ilianza na jimbo la Texas mwaka 1999, na kufikia 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za aina hiyo. Nebraska ilitoa funzo chungu: sheria yake ya 2008 haikutaja umri wa mtoto, na katika muda wa miezi michache watoto 36 waliachwa, baadhi yao wakiwa vijana wa miaka 17 na wengine wakiletwa kutoka majimbo mengine, mpaka wabunge wakarudi mwezi Novemba kuweka mpaka wa siku 30. Waliowaleta walikuwa wazazi walioshindwa, ambao hawakuwa wamewahi kupata mahali pa kuomba msaada.

Kisanduku ukutani

Wazo ambalo watu hulipenda kwanza ni la kisanduku: tundu kwenye ukuta wa hospitali au kanisa, lenye godoro na joto, ambapo mama anamweka mtoto, anafunga mlango, kengele inalia ndani baada ya dakika chache, naye anaondoka bila kuonekana. Ni wazo la zamani. Nyumba za watawa za Italia zilikuwa na gurudumu la mbao lililozunguka ukutani kwa kazi hiyo hiyo karne nyingi zilizopita. Siku hizi visanduku hivyo vimekuwepo Hamburg tangu mwaka 2000, katika hospitali moja ya Kumamoto nchini Japani tangu 2007, katika kanisa moja la Seoul tangu 2009, na kwa upande wa Afrika, Johannesburg imekuwa na tundu la namna hiyo tangu 1999. Nchini Pakistan, shirika la Edhi huweka vitanda vidogo nje ya vituo vyake.

Sipingi kisanduku. Mtoto mmoja akikosa kufa kwa sababu yake, kimetosha. Lakini historia inatuonya tusidhani kwamba mlango wenyewe ndio wokovu. Kati ya 1756 na 1760 hospitali ya watoto waliotelekezwa ya London ilitakiwa na Bunge kumpokea kila mtoto aliyeletwa. Iliwapokea karibu 15,000, na kama 4,400 tu ndio waliokua hadi umri wa kupelekwa kufundishwa kazi. Mlango ulikuwa wazi, lakini maziwa, wanyonyeshaji na vitanda havikutosha. Mjini Guangzhou, China, kituo kilichofunguliwa mwishoni mwa Januari 2014 kilisimamishwa katikati ya Machi baada ya kupokea watoto 262, karibu wote wakiwa na maradhi au ulemavu, kwa sababu wazazi maskini hawakuwa na njia nyingine ya kuwatibu. Kwa hiyo kabla ya kuning'iniza kisanduku kwenye ukuta wa hospitali ya Kakamega au Bungoma ni lazima tujiulize ni vitanda vingapi vya watoto wachanga vilivyo wazi ndani, na kama mtoto mwenye kichwa kilichojaa maji au mdomo sungura ataletwa humo kwa kuwa mama yake hakuambiwa kwamba maradhi hayo yana tiba.

Pingamizi zito zaidi linahusu asili ya mtoto. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto imevikosoa visanduku hivi kwa sababu Mkataba wa Haki za Mtoto unampa kila mtoto, kwa kadiri inavyowezekana, haki ya kuwajua wazazi wake. Na mwaka 2009 Baraza la Maadili la Ujerumani lilipendekeza viondolewe. Hapa kwetu hoja hiyo ina uzito wa pekee. Miongoni mwa Waluo, Waluhya na Wakisii mtu haoi wala haolewi ndani ya ukoo wake, na mazungumzo ya posa huanza kwa kuulizana koo za pande zote mbili, za baba na za mama. Kijana asiyejua alikotoka hukutana na swali hilo siku ambayo alitarajia iwe ya furaha, na hana la kujibu.

Ndiyo sababu nadhani njia bora imepatikana kwingine, katika kile ambacho nchi kadhaa zimekiita uzazi wa siri. Ufaransa humruhusu mwanamke kujifungua hospitalini bila kutaja jina, na tangu 2002 ina baraza maalumu linalohifadhi taarifa ambazo mama amekubali kuziacha. Ujerumani, kuanzia Mei 2014, huchukua jina la mama likafungwa kwenye bahasha rasmi, na mtoto akifikisha miaka 16 ana haki ya kuomba kuisoma. Korea Kusini ilianza utaratibu unaofanana na huo Julai 2024. Ushahidi wa kutia moyo zaidi unatoka Austria, ambako uzazi wa aina hiyo uliruhusiwa mwaka 2001: watafiti walilinganisha kumbukumbu za polisi na kuona kwamba vifo vya watoto waliouawa siku ya kuzaliwa vilishuka kutoka 7.2 kwa kila uzazi 100,000 hadi 3.1 katika miaka iliyofuata. Tofauti kati ya njia hii na kisanduku ni kubwa. Kisanduku humngoja mama mpaka amalize kujizalisha peke yake, ambayo ndiyo saa yenye hatari zaidi kwa wote wawili. Uzazi wa siri humpokea angali na mtoto tumboni, humpa mkunga, dawa na mtu wa kuzungumza naye, na baadhi yao, wakishamshika mtoto na kugundua kwamba hakuna aliyewapigia kelele, hubadilisha nia na kwenda naye nyumbani.

Yanayowezekana Kisumu na Nakuru

Hata sasa, bila sheria mpya, mwanamke aliye na mimba asiyoweza kuilea anaweza kumweleza muuguzi au afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, au kwenda moja kwa moja kwa afisa wa watoto, kabla ya kujifungua. Ana haki ya kupewa ushauri nasaha. Uasili hauwezi kuanza kabla mtoto hajafikisha majuma sita, na muda huo ni kwa faida ya mama pia, kwani maamuzi ya siku ya uchungu si ya kufungia maisha ya watu wawili. Ndani ya majuma hayo jamaa wanaweza kutafutwa, iwapo kuwatafuta hakumweki hatarini, na si ajabu nyanya aliyedhaniwa angefukuza ndiye anayefika na leso kumchukua mjukuu. Msichana aliye shuleni ana haki ya kurudi darasani. Sera ya kuwarejesha shuleni wasichana waliojifungua imekuwepo tangu 1994, na miongozo yake iliandikwa upya 2020. Mambo haya yote yapo, lakini yapo kwenye mafaili, na anayeyahitaji hajui hata mlango wa kubisha.

Afya ni jukumu la kaunti, na hapo ndipo magavana na mabunge ya kaunti wanaweza kufanya kitu bila kusubiri Nairobi. Mtu wa kwanza kukutana na mwanamke anayefika hospitalini saa nane usiku ni bawabu wa langoni, na swali la bawabu huwa ni unakwenda kumwona nani. Mwongozo wa kurasa mbili, ulioandikwa na idara ya afya ya kaunti na kufundishwa kuanzia langoni hadi wadini, ungeeleza kwamba anayesema hawezi kumlea mtoto wake aingizwe, apewe kitanda, asipigiwe kelele, wala habari zake zisiwe gumzo la korido. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa na kuwatuma zaidi ya 100,000 nchini kote mwaka 2023, hupita nyumba kwa nyumba Manyatta, Obunga, Kaptembwa na Rhonda, na wao ndio wanaoweza kumwona msichana aliyeanza kuvaa sweta kubwa kwenye jua kali la Kisumu. Wakifundishwa namna ya kumkaribia kwa faragha, bila kupitia kwa mama yake wa kambo wala kwa mwenye nyumba, watakuwa wamemfikia miezi mitatu kabla ya kilio kusikika kwenye shamba la miwa.

Lililobaki ni la kitaifa. Ni Bunge pekee linaloweza kuongeza katika Sheria ya Watoto kifungu kama cha Namibia, chenye mpaka wa umri ulio wazi ili yasitufike ya Nebraska, chenye orodha ya mahali pa kukabidhia mtoto, na chenye njia ya kuhifadhi jina la mama kwa siri kwa ajili ya siku ambayo mtoto wake atalihitaji. Mswada huchukua muda. Kuna hatua isiyohitaji mswada: Ibara ya 157 ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma azingatie maslahi ya umma kila anapotumia mamlaka yake. Anaweza kutoa mwongozo kwa waendesha mashtaka wake kwamba mama aliyemfikisha mtoto mchanga akiwa hai mikononi mwa mhudumu wa afya, polisi au afisa wa watoto asifunguliwe kesi ya kutelekeza, na kwamba wapelelezi wamtafute pia mwanamume aliyehusika pale ambapo mama ni mtoto mwenyewe. Mwongozo huo ukibandikwa kwa Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya kwenye mlango wa kila kliniki ya wajawazito, kuanzia Njoro hadi Busia, mwanamke atausoma akiwa bado ana wiki kadhaa za kuamua.